Klachi haina macho

Mabibo Hosteli, Jumapili usiku

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi zilikuwa za testi mfululizo, mwenzenu nilikuwa napiga msuli hadi macho mekundu, hata simu nilikuwa naiweka chini ya godoro ili isinishawishi. Leo nilipanga niwaandikie habari za maandalizi ya TP, maana muda si mrefu tutatawanyika kwenda kufundisha huko mikoani. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu Alhamisi, nisipokitema sitalala. Kwa hiyo TP itasubiri.

Alhamisi jioni nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Mbele yangu kulikuwa na kaka mmoja wa Uhandisi na kundi lake, wanabishana habari za magari. Akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka jikoni: "Mtu anayeendesha oto haendeshi gari bwana, huyo amepakiwa." Watu wakacheka. Akaendelea kwamba gari ya gia za mkono, yaani manyuo, ndiyo inamfanya dereva awe makini. Mkono una kazi, mguu una kazi, akili haiwezi kulala. Akamalizia kwamba gari zote za otomatiki zikipigwa marufuku kesho, ajali zitapungua nusu. Foleni nzima ikaitikia, hata dada mmoja ambaye nina uhakika hajawahi kushika usukani wa kitu chochote zaidi ya toroli la maji.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshika sahani, nina njaa, na mbishi mwenye njaa hashindi. Ila moyoni nilimfikiria mama yangu, na hasira ikanipanda mpaka maharage yakakosa ladha.

Ngoja niwape kisa chenyewe ili muelewe kwa nini hili kwangu si mada ya kupigia soga.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, Iringa. Ana miaka 53, na 29 kati ya hiyo ameisimamia mbele ya ubao. Goti lake la kushoto limechoka, akisimama sana linavimba. Shule yake iko nje ya mji, kama kilomita tisa kutoka nyumbani. Miaka miwili iliyopita alikopa SACCOS, akaongezea vihela alivyokuwa anavificha kwenye kopo la sukari, akanunua kigari kidogo cha mtumba kutoka Japani. Oto. Siku kinafika nyumbani tuliimba.

Sasa akaja mjomba. Mjomba wangu ni dereva wa malori, ana zaidi ya miaka ishirini barabarani, na kwetu neno lake kuhusu gari ni kama neno la daktari kuhusu malaria. Akazunguka kigari, akakipigapiga tairi kwa kiatu, akasema: "Dada, gari ni nzuri. Lakini kajifunze manyuo kwanza. Ukijua manyuo umejua zote. Ukianza na oto utadumaa, na siku moja utaua watu." Mama akatii. Akaenda chuo cha udereva akaandikishwa kwenye gari ya manyuo, wakati gari yake mwenyewe ya oto iko nyumbani imefunikwa turubai.

Wiki ya pili wakampeleka kupandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini. Wanaoijua Iringa wanaujua ule mlima. Gari ikazima. Akawasha, ikazima tena. Nyuma kuna lori linapiga honi. Mara ya tatu gari ikaanza kurudi nyuma, na goti nalo linawaka moto kwa kukanyaga klachi. Mwalimu wa udereva akavuta hendibreki, akafoka mbele ya wanafunzi wenzake, mmoja wao alikuwa kijana ambaye mama alimfundisha kusoma: "Mama, hapa siyo shuleni kwako! Hapa akili inatakiwa!"

Mama akamaliza zamu yake, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakurudi tena. Ada haikurudi pia. Kigari kikabaki chini ya mparachichi, kuku wakakifanya nyumba yao ya kutagia. Mama akarudi kwenye bodaboda, kila siku asubuhi kwenye ukungu ule wa Iringa, daftari za wanafunzi zimekumbatiwa kifuani. Na mwaka huu mwezi wa nne, siku ya mvua, bodaboda ikateleza kwenye tope. Mama akaangukia bega. Wiki mbili nyumbani, mkono haunyanyuki hata kuchana nywele.

Yule kijana wa bodaboda sina ubaya naye, ni mstaarabu na alikuja kumpa pole. Lakini hebu mtazameni vizuri. Mkono wa kushoto una klachi. Mguu wa kushoto una gia. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia una breki ya nyuma. Viungo vyote vinne viko kazini! Kama kazi nyingi ya mikono na miguu ndiyo usalama, basi bodaboda ingekuwa chombo salama kuliko vyote Tanzania. Ingieni wodi ya mifupa ya hospitali yoyote ya mkoa mkahesabu.

Ndiyo maana nauliza: tulimnyima mama gari ya kufunga mkanda, yenye mabati pembeni na paa juu, tukamrudisha kwenye pikipiki, kwa jina la usalama. Usalama gani huo?

Sasa tuingie kwenye hoja, maana nisije nikaambiwa nimeleta machozi.

Hoja kubwa ya wapenda klachi ni kwamba kubadilisha gia kunaifanya akili iwe macho. Mimi nawauliza swali moja tu. Ukibadilisha gia, unafikiria au hufikirii? Kama unafikiria, basi kwa muda huo akili yako iko kwenye gia, haiko kwa mtoto anayetaka kuvuka. Kama hufikirii, yaani mkono unakwenda wenyewe kama unavyojikuna, basi gia haikuamshi chochote, kwa sababu hata haijui kama upo. Chagueni moja. Huwezi kusema gia inakushughulisha kiasi cha kukuzuia kulala, halafu papo hapo useme haikushughulishi kiasi cha kukusahaulisha barabara.

Sisi wa Elimu tunafundishwa hili mwaka wa kwanza kwenye saikolojia. Sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi ni ndogo sana, ni kama beseni. Ukilijaza maji, ya kuongeza yanamwagika. Mwanafunzi wa darasa la pili ambaye bado anahangaika kuunganisha herufi hawezi kukwambia hadithi ilikuwa inahusu nini, kwa sababu herufi zimelijaza beseni lote. Siku herufi zikiwa rahisi ndipo maana inapata nafasi. Dereva mpya naye ni vilevile. Klachi, gia, mafuta, usukani, vioo vitatu, alama za barabarani, bajaji inayokuja kushoto, mama mwenye ndoo ya samaki anayekatiza kulia. Kitu gani kitamwagika? Kitakachomwagika ni mama wa samaki.

Na wala si mawazo yangu peke yangu. Mwaka 1998 watafiti wa Israeli, David Shinar na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyohiyo. Waliwachukua madereva wapya na wazoefu, wengine manyuo wengine oto, wakawaendesha katikati ya mji ambako gia inabadilishwa kila mara, halafu wakaangalia nani anaziona alama za barabarani. Madereva wapya wa manyuo walizikosa alama kuliko madereva wapya wa oto. Kwa wazoefu, hakukuwa na tofauti. Someni tena: kwa wazoefu hakukuwa na tofauti. Klachi inamwibia mgeni macho, na ikishakuwa mazoea haimrudishii chochote cha ziada. Hasara mwanzoni, sifuri mwishoni. Hiyo ndiyo dawa mnayotuuzia?

Kuna wa kuniambia, "aah, hiyo ni mjini, ila safari ndefu manyuo inakuzuia kusinzia." Wewe! Umewahi kukaa mbele kwenye safari ndefu? Chukua ile barabara ya Dodoma kwenda Singida, tambarare imenyooka kama rula. Dereva akishaingiza gia ya mwisho anaisahau. Dakika kumi, ishirini, gia haiguswi, klachi haiguswi. Kwa hiyo pale penyewe ambapo usingizi unakuja kuchukua watu, manyuo inakuwa sawasawa na oto. Gia inabadilishwa sana kwenye foleni ya Ubungo, na sijawahi kusikia mtu aliyekufa kwa kusinzia kwenye foleni ya Ubungo. Dawa ya usingizi ni kulala, na bosi anayekubali dereva wake alale. Basi.

Nije kwenye milima, maana hapo ndipo mjomba huwa anatamba. Na kweli, gari ya manyuo ukishuka na gia ndogo, injini yenyewe inakushikia, breki hazipati moto. Ni kweli kabisa na ni jambo zuri. Lakini mjomba huyohuyo, siku akiwa amefurahi, hutusimulia alivyokuwa anashusha Kitonga enzi za ujana. Mnaijua Kitonga, ile kona juu ya kona kabla ya kufika Iringa ukitokea Morogoro, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine. Anasema walikuwa wanachomoa gia, wanaweka free, lori linateremka lenyewe na mzigo wake ili kubana mafuta. Mafuta yaliyobaki yanauzwa mbele ya safari. Siku moja breki zikaanza kunuka kama mpira unaoungua, kanyagio likashuka mpaka chini, akaponea kwenye kichuguu cha kokoto za watengeneza barabara. Anaisimulia akicheka. Shangazi huwa hacheki.

Mnaona? Klachi ilikuwepo. Gia zilikuwepo zote. Ujuzi ulikuwepo, na ujuzi huohuo ndio uliomfundisha namna ya kuichomoa gia. Kilichokosekana ni uamuzi. Na kwa taarifa yenu, hizi oto za mtumba zina herufi L na namba 2 pale kwenye gia, nazo zinafanya kazi ileile ya kuishikia gari kwenye mteremko. Wengi hawajui kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Tumekazana kuwacheka kwamba hawaendeshi, badala ya kuwaambia ile L ni ya nini.

Halafu kuna Japani. Hizi gari tunazozidharau zinatoka kwao, na karibu zote ni oto. Mwaka 1991 Wajapani walianzisha leseni maalumu ya oto tu: unajifunza oto, unafanyiwa mtihani wa oto, hauruhusiwi manyuo. Mwaka huo barabara zao ziliua watu zaidi ya 11,000. Kama kaka yetu wa Uhandisi angekuwa Waziri kule, angetabiri maafa. Mwaka 2020 walikufa 2,839, mara ya kwanza kushuka chini ya 3,000 tangu waanze kuweka takwimu hizo baada ya vita. Sasa msinielewe vibaya, sisemi oto ndiyo iliyowaokoa. Waliokolewa na mikanda, na gari zilizotengenezwa vizuri zaidi, na sheria kali za ulevi, na hospitali, na barabara. Ninachosema ni kwamba taifa zima liliachana na klachi na vifo vikaporomoka. Kama klachi ingekuwa ndiyo nguzo ya usalama, nyumba ingewaangukia.

Nisiwe mwongo lakini. Nilifundishwa kwamba anayebishana kwa haki anaitaja hoja bora ya mwenzake. Kwa hiyo nazitaja.

Ya kwanza ni kuchanganya pedeli. Aprili 2019, Ikebukuro, Tokyo, mzee wa miaka 87 alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki. Gari ikapita kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mama kijana na bintiye wa miaka mitatu wakafa, wengine wakajeruhiwa. Mzee alisema gari ilikuwa mbovu, mahakama mwaka 2021 ikasema hapana, ulichanganya pedeli, ikamfunga miaka mitano. Gari ilikuwa ya otomatiki. Kwenye manyuo, mtu akitaharuki mguu wa kushoto ukazama kwenye klachi, nguvu ya injini inakatika. Hili nawapa, tena kwa mikono miwili. Ni faida ya kweli. Dawa yake ni mazoezi: mguu wa kulia peke yake kwa pedeli zote mbili, kisigino kwenye upande wa breki, na kuanza kwenye uwanja wazi mpaka mguu uzoee. Na wazee wapimwe. Lakini dawa haiwezi kuwa kumwongezea mtu anayechanganya pedeli mbili pedeli ya tatu!

Ya pili ni simu. Oto inaacha mkono wa kushoto wazi, na mkono wazi unatafuta simu. Kweli. Lakini nani hajapanda daladala ambayo dereva anabadilisha gia kwa kushoto, simu kaibana kati ya sikio na bega, usukani anaushika kwa kiwiko, na bado anamgombeza konda? Anayetaka simu ataishika. Tatizo liko kwenye kutaka.

Ya tatu niliisoma mwenyewe nikitafuta vitu vya kazi ya muhula. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la vijana wa kiume wenye tatizo la kushindwa kutulia na kukaza mawazo, wakakuta wanaendesha kwa umakini zaidi kwenye manyuo kuliko kwenye oto. Safi. Lakini walikuwa vijana kumi, na waliendeshea kwenye mashine ya kuigiza barabara. Nafurahi kwa ajili yao. Huwezi kuchukua vijana kumi ukamkatazia nao mwalimu wa miaka 53 mwenye goti bovu.

Tukishamaliza hayo, tuambiane ukweli kuhusu kinachotuua. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko ajali. Miaka 5 hadi 29, wadau. Hao ni wanafunzi tutakaowafundisha, pamoja na sisi wenyewe tunaosubiri bumu hapa Mabibo. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo hata ndani ya gari: ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Mtoto wa shule anayegongwa kwenye zebra hana habari kama kilichomgonga kina klachi. Anajua mwendo tu. Na mwendo una hesabu yake, kaka wa Uhandisi anaijua kuliko mimi: ukiutoa kutoka 50 kwenda 100, umeuongeza mara mbili, lakini nguvu ya kugonga imeongezeka mara nne. Kwa mwendo wa 60, ukiinamisha macho sekunde mbili tu kutazama gia au simu, gari imeshakwenda mita 33 bila dereva. Mita 33 ni kama madarasa manne yaliyopangwa mstari mmoja.

Mwendo, kuovateki kwenye kona, pombe, uchovu, tairi kipara, kutofunga mkanda. Katika orodha hii, ni kipi kinaponywa na klachi? Mabasi na malori yetu mengi ni manyuo, daladala nyingi ni manyuo. Najua madereva wao wanakaa barabarani masaa mengi kuliko mtu wa kigari kidogo, kwa hiyo siwalinganishi kwa idadi. Nasema tu kwamba kama klachi ingemfanya mtu awe na adabu, tusingehitaji askari kujificha nyuma ya mti na kamera.

Mimi nadhani hii mada haijawahi kuwa ya usalama. Ni mada ya sifa. Manyuo ni ngumu kujifunza, na kitu kigumu mtu akishakiweza anataka wengine nao waumie ili ugumu wake uheshimiwe. Ndiyo maana oto inaitwa "gari ya kike". Tunalijua jambo hili sisi walimu watarajiwa. Kuna mwalimu anayetunga mtihani ili wanafunzi wajue, na kuna anayetunga ili wadisko, halafu anajisifu kwamba somo lake ni gumu. Ugumu wa somo si ubora wa somo. Kanuni ya kwanza kabisa ya kufundisha, ile tunayoiandika kila siku kwenye andalio, ni kutoka rahisi kwenda gumu. Kwa nini udereva peke yake tunaanza na gumu, tunamtukana mtu mlimani, akikata tamaa tunasema hakuwa na akili?

Kwa hiyo nasema hivi. Mtu mpya aanze na oto. Ajifunze barabara kwanza: kuangalia mbali, vioo, kuacha nafasi, kusimama zebra, kusoma nia ya bodaboda kabla hajaingia. Akishaijua barabara, anayetaka kazi ya udereva au anayetaka raha yake aongezewe klachi, na ataimudu haraka kwa sababu beseni lina nafasi. Asiyetaka, basi aachwe na leseni iandikwe wazi kwamba ni ya oto. Uingereza ndivyo wanavyofanya, ukifaulu kwa gari ya oto leseni yako haikuruhusu manyuo, na hakuna anayekuita umepakiwa. Na walimu wa udereva wafundishwe kufundisha. Kujua kuendesha na kujua kufundisha ni vitu viwili, ndiyo maana sisi tunakaa hapa miaka mitatu.

Wapenda manyuo, endeleeni kuipenda. Ni ufundi, na mimi mwenyewe nataka kuujua siku moja. Ila msiuite usalama, kwa sababu kuna watu wanawaamini.

Niwamalizie habari ya mama. Ijumaa nilimpigia mjomba. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya safari, halafu nikamwaga yote haya kama yalivyo, kwa heshima lakini bila kupunguza. Nikamkumbusha Kitonga. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Mwisho akasema, "Mpwa wangu, umesoma. Kesho nipo Iringa."

Jana akaenda. Wakawafukuza kuku, wakaweka betri, mjomba mwenyewe akakiendesha kigari mpaka uwanja wa mpira wa shule, akamkalisha mama kwenye usukani. Saa nzima wanazunguka magoli mawili. Mama ananiambia kurudi nyuma bado hajui, na kona anazikata kwa upana kama anageuza lori. Mjomba amesema warudie kila Jumamosi akiwepo, halafu mama atafute chuo kingine chenye gari ya oto. Nikamuuliza goti vipi. Akasema, "Goti? Lilikuwa limekaa tu."

Sijui kama ataendelea. Ana woga bado, na yale maneno ya mlimani hayajamtoka. Ila kesho atapanda bodaboda tena kwenda shule, na mimi nitashinda na wasiwasi mpaka saa tisa akipiga simu kwamba amerudi.

Naomba kutoa hoja. Kaka wa Uhandisi, kama unasoma, Alhamisi nitakuwa kwenye foleni ileile, na safari hii nitakuwa nimeshakula kitu kabla. Kipindi changu ni saa moja asubuhi, acha nilale.

Alamsiki.